Sanduku Lisilovuja

Mume wangu Kasimiri hawezi kunyamaza, wala hawezi kukaa mahali palipo kimya. Akiingia nyumba isiyo na redio atagonga meza kwa vidole mpaka mwenye nyumba awashe kitu. Kanisani hukohoa. Tunaishi Tabora mjini, mtaa wa Isevya. Mimi nashona nguo barazani, yeye anakodisha Noah yake kwa harusi na misiba, na siku pekee nilizowahi kupumzika masikio ni zile ambazo Noah ilikuwa gereji.

Kwa hiyo aliponiambia anataka kuiongezea gari amplifaya na sabufa mbili sikushangaa. Niliuliza tu ni kwa nini.

"Redio ya gari haina nguvu," akasema.

Hilo lilikuwa kweli. Redio iliyokuja na gari kutoka Japani iliishia namba tisini, na stesheni nyingi za kwetu zinaanzia pale yenyewe inapochokea. Ukiwasha gari, mwanamke fulani humo ndani husema maneno ya Kijapani kwa adabu, na Kasimiri humwitikia, "Marahaba." Kuing'oa hakutaka, maana ndiyo inayoonyesha kamera ya nyuma, na bila kamera hiyo ameshagonga nguzo na mbuzi wa watu. Redio ibaki, akasema, nguvu iongezwe nyuma yake.

"Misafara ya zamani ilipita mji huu kwa miguu mpaka Ujiji bila sabufa," nikamwambia, "na ilifika."

"Ilikuwa na ngoma," akajibu.

Lakini kabla ya sabufa lazima niseme habari ya harusi yetu, la sivyo utadhani nasimulia spika.

Kwetu ni Ulyankulu. Baba yangu, Mzee Ciza, alifika pale akiwa kijana, akitokea Burundi pamoja na wenzake wengi. Alilima kama kila mtu, kisha akajifunza kutengeneza mizinga ya nyuki, na hiyo ndiyo kazi anayojulikana nayo mpaka leo. Kwa watu wetu harusi ni hotuba. Wali upo, pombe ipo, lakini watu wanakuja kuwasikiliza wazee. Na mzee anayejua kusema haropoki. Anasema kipande, ananyamaza, anakunywa, anawaacha watu wakitafune kile kipande, halafu ndipo anasema cha pili, chenye mzigo wenyewe.

Kasimiri ni Mnyamwezi wa mjini. Hakuna aliyemweleza habari ya kunywa.

Siku ya harusi baba alisimama akasema hivi: "Mimi ni mtengeneza mizinga. Nyuki hafungwi kamba. Ukimkera, anaondoka." Kisha akanyamaza, akachukua kikombe chake. Kasimiri alidhani mzee amemaliza, tena amemaliza vibaya. Akampungia mkono rafiki yake aliyekuwa kwenye muziki, ili kutuokoa sote na aibu. Muziki ukalia. Spika zilikuwa nne, kila moja sawa na kabati. Baba akashusha kikombe, akaitazama ile mitambo, akaendelea na hotuba yake mpaka mwisho. Niliona midomo ikienda. Hakuna aliyesikia hata neno moja. Alipomaliza akainamisha kichwa kwa heshima, akaketi, na watu wakacheza.

Tangu siku hiyo baba hakumwambia Kasimiri neno zaidi ya "marahaba". Kwetu mjini hakukanyaga. Nilipomwomba anirudie ile hotuba, alisema hotuba ya harusi hairudiwi jikoni. Upande wa pili, mama mkwe alikishika kile kipande cha kwanza kama sala. Nikinuna kidogo tu anamwambia mwanawe, "Si baba yake alisema? Ukimkera, anaondoka." Binti yetu Esperansi alizaliwa, akaanza shule, na bado nilikuwa naishi katika ndoa nisiyojua kama baba yangu aliibariki au aliikatia tamaa. Iliniuma. Mtu pekee aliyejua jibu ni baba, naye alikuwa hasemi.

Sasa turudi kwenye sabufa. Fundi Idrisa, mwenye kibanda chake karibu na stendi, alisema kazi ya umeme si tatizo: waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi, amplifaya chini ya kiti, na kidude kidogo cha kuiba sauti kwenye waya za spika za nyuma, kwa sababu redio za kiwandani hazina pa kuchomekea. Kilichomsumbua ni sanduku. Sabufa bila sanduku, alisema, ni ngozi ya ngoma bila ngoma. Masanduku ya dukani ni ya mbao za vumbi lililogandishwa kwa gundi, na barabara zetu huyaachanisha viungo kabla hujamaliza kuyasifia.

"Nataka mbao nzima," akasema. "Viungo visipitishe hewa hata chembe, isipokuwa tundu moja la bomba, upande wa nyuma, la kupumulia. Nani anatengeneza sanduku la namna hiyo siku hizi?"

Nilikuwa nimewasindikiza ili nijue ni sehemu gani ya gari itabaki kwa ajili ya watu. Nikasema, "Baba yangu."

Kasimiri akanitazama kama mtu aliyeambiwa aende akang'olewe jino na mkwe wake. Lakini hakukataa. Nikatoa futi yangu ya cherehani, nikapima nyuma ya gari mwenyewe, Idrisa akanitajia matundu, na kesho yake nikapanda basi la Ulyankulu.

Nilimkuta baba anapiga randa. Nikampa vipimo, akavisoma.

"Mzinga wa nani huu?"

"Si mzinga, baba. Ni sanduku la spika za gari."

"La yule?"

"La yule."

Akaendelea kupiga randa. Nikangoja, maana baba akikataa kitu husema mara moja. Akinyamaza kuna nafasi.

"Hili tundu ni la nini?"

"La kupumulia."

"Na haya mawili makubwa?"

"Yatazibwa na spika zenyewe."

"Kwa hiyo litabaki moja."

"Moja tu, baba."

"Basi ni mzinga," akasema, na akaenda kuchagua mbao.

Alilitengeneza kwa mninga. Viungo vyote akaviziba kwa nta na ile gundi nyeusi ya nyuki. Mwisho akaingiza mkono na kusugua nta ndani, pande zote, kama anavyofanya kwa kila mzinga kabla haujapandishwa mtini, ili nyuki wakipita wasikie harufu ya nyumbani. Sikumzuia. Mimi ni mtoto wa mtengeneza mizinga. Tangu nizaliwe sijaona sanduku linalomalizwa kwa namna nyingine. Kisha akaligeuza kuelekea jua, akatia kichwa ndani kupitia tundu la spika, akakaa humo akitafuta mwanga.

"Halivuji," akasema kutoka ndani.

Baba hana sifa kubwa kuliko hiyo. Siku nilipofaulu darasa la saba alisema "sawa".

Idrisa alipolipokea alilinusa. "Linanukia kama kanisa," akasema, akafunga sabufa zake bila kuuliza zaidi. Kazi ilitoka vizuri, hilo sina budi kukiri. Noah ikipita barabara ya juu, pini zangu zilikuwa zinacheza kwenye kopo. Kasoro ilikuwa moja: kila ukizungusha ufunguo wa gari, kabla hata ya muziki, sabufa zilipiga *dum* moja zito. Idrisa alisema atarekebisha. Fundi akisema atarekebisha, anza kuzoea.

Mwezi wa kumi na moja, Esperansi alikuwa apate komunyo ya kwanza, Jumapili ya Kristo Mfalme. Alimpigia babu yake simu mwenyewe, akamwomba aje. Baba akanyamaza kwenye simu mpaka nikadhani salio limekwisha, halafu akasema atakuja kuliangalia sanduku. Komunyo hakuitaja. Mimi nilipokea nilichopewa.

Kasimiri akasema tutamfuata kwa gari. Nilijua anataka nini: alitaka mzee asikie sabufa. Esperansi tukamwacha kwa bibi yake mjini, na gauni lake nikalibeba nikalimalizie huko.

Tuliingia Ulyankulu Ijumaa alasiri kwa kishindo kilichowafanya kuku wa jirani wahamie juu ya paa. Baba akatoka nje. Kasimiri akazima, akashuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Baba akampita, akafungua mlango wa nyuma, akaweka kiganja juu ya sanduku na kukiacha pale, kama anayempima mtoto homa. Kisha akaenda kula.

Amplifaya ilikuwa imepata joto njiani, na Idrisa alikuwa ameagiza ikipata joto iachwe ipigwe na upepo. Kasimiri akaiegesha Noah nyuma ya nyumba, akauinua mlango wa nyuma, akauacha wazi mpaka kesho yake. Nyuma ya nyumba ya baba ndiko kwenye mizinga mipya inayosubiri kwenda porini. Pori lenyewe lilikuwa limechanua, na miti ikichanua makundi ya nyuki huhama. Mtoto yeyote wa Ulyankulu angemwambia. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu kwetu hatujawahi kufikiria kwamba gari ni mzinga.

Jumamosi asubuhi nilikuwa ndani napiga pasi gauni la Esperansi nikasikia mvumo. Nikadhani ni Kasimiri na muziki wake. Nilipotoka, niliona wingu la nyuki nyuma ya Noah, wakiingia kwenye lile tundu la bomba kwa utaratibu, kama waumini wa misa ya kwanza. Kasimiri alikuwa mlangoni mwa jiko, amejifunika khanga yangu kichwani.

"Veridiana, mwambie baba awafukuze."

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, anawatazama. Sijawahi kumwona amefurahi kiasi kile mbele za watu. Alikuwa amefungua kifungo cha juu cha shati.

"Mwambie," baba akaniambia, "kundi likija lenyewe halifukuzwi. Wamechagua."

"Mwambie hiyo ni sabufa!"

"Mwambie najua ni nini. Nimelitengeneza mimi."

Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa. Nilifikisha ujumbe wote, huku na huku, mpaka nikachoka na kuwaambia misa ni kesho asubuhi na gari ni hilo hilo moja. Baba akaamua: tutangoja jua lipungue, nyuki wakishaingia wote ataziba tundu kwa kipande cha wavu, na watahamia kwetu mjini, nyuma ya ua. Kasimiri alifungua mdomo kuuliza kama kuna mtu anataka maoni yake. Nyuki mmoja akapita karibu na sikio lake, naye akaufunga.

Jioni tukapanda. Baba nilimwachia kiti cha mbele, mimi nikakaa nyuma na begi, na sanduku likiwa nyuma ya kisogo changu. Kasimiri aliponyoosha mkono kwenye ufunguo, baba akamgeukia na kumwambia sentensi ya kwanza tangu siku ya harusi.

"Usiwashe redio."

"Siwashi, baba."

Akazungusha ufunguo. Mwanamke wa Kijapani akasema yake. Sabufa zikapiga *dum*. Nyuma yangu kundi zima likajibu, na jibu lao nililisikia mpaka kwenye meno.

"Zima," akasema baba.

Kasimiri akashuka, akafungua boneti, akachomoa fyuzi ya amplifaya na kuitia mfuko wa shati. Aliporudi aliizima na redio yenyewe, pamoja na yule mwanamke. Kisha tukaondoka taratibu, tukikwepa mashimo kama watu waliobeba mayai.

Hakuna safari niliyosafiri kimya kama ile. Kasimiri alianza kugonga usukani kwa vidole. Baba akavitazama vile vidole, vikaacha. Kasimiri akakohoa, nyuki wakavuma, akaacha kukohoa. Niliona kwenye kioo uso wake unalowa jasho, na upepo ulikuwa wa baridi.

"Baba," hatimaye akasema, macho barabarani. "Ile siku ya harusi. Nilidhani umemaliza."

Baba hakugeuka.

"Nilikuwa nakunywa," akasema.

"Sikujua, baba."

"Nilijua kwamba hukujua. Nilikuwa nangoja uniulize nilisema nini. Lakini wewe hukai mahali ambapo mtu anaweza kuulizwa kitu akajibu."

Mimi nilikuwa nimeshika begi kwa mikono miwili.

"Ulisema nini, baba?" Kasimiri akauliza.

Baba akavua kofia, akaiweka magotini. Akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama, na nikaelewa, nikampa chupa yangu ya maji. Akajiweka sawa kwenye kiti. Alipoanza, sauti yake ilikuwa ile ya mtu aliyesimama mbele ya watu, ingawa alikuwa ameketi na mkanda amefunga.

"Mimi ni mtengeneza mizinga. Nyuki hafungwi kamba. Ukimkera, anaondoka."

Kisha akanyamaza. Akafungua chupa, akanywa.

Nilimtazama Kasimiri. Tulipita shamba la tumbaku. Tulipita mtu anayekokota baiskeli ya mkaa. Tulipita kanisa la Moraviani ambamo kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, wakaanza wimbo na kuukosea na kuuanza tena, na baba bado alikuwa anakunywa, funda moja moja, kama pombe ya ndizi. Mkono wa Kasimiri ulinyanyuka kwenye usukani, ukaenda kidogo upande wa redio, ukarudi wenyewe. Mdomo aliubana. Mshipa wa shingo ulimsimama. Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyompenda siku ya harusi, na ningeapa kwa hilo mbele ya mama yake.

Baba akafunga chupa.

"Kwa hiyo mtu mwenye akili hahangaiki na kamba. Anautazama mzinga. Huyu kijana amekuja kwangu mara nyingi. Kwa nje nilimwona ana kelele. Nikatia kichwa ndani, nikakaa humo, nikatafuta mwanga." Akamgeukia Kasimiri. "Hauvuji. Binti yangu amechagua vizuri, nami namwacha humo kwa amani."

Akavaa kofia yake.

Kasimiri akasimamisha gari pembeni. Alisema kuna mbuzi barabarani. Hapakuwa na mbuzi, lakini mimi nilikuwa nalia na sikuweza kumkosoa. Miaka yote ile mama mkwe alikuwa ananikumbusha laana, kumbe ilikuwa nusu ya baraka, na nusu nyingine mume wangu aliizamisha yeye mwenyewe, kwa spika nne, nayo ilikuwa ni sifa zake yeye.

"Tusikae sana," baba akasema. "Nyuki wanapata joto."

Lile sanduku tulilishusha usiku huo huo, tukaliweka nyuma ya ua, juu ya matofali, sabufa zikiwa humo humo. Asubuhi Idrisa alikuja kuzichukua azitunze, akachungulia kutoka getini, akasema yeye ni fundi umeme. Ziko humo mpaka leo.

Misa ilikwenda vizuri. Kasimiri alikohoa mara chache. Mchana watu wakajaa uani kwetu, tukakodi muziki na mshereheshaji, na ilipofika zamu ya wazee, baba akasimama na kikombe chake. Mama mkwe alikuwa amekaa mstari wa mbele. Esperansi alisimama mbele ya babu yake na gauni lake jeupe.

"Mjukuu wangu," baba akasema, "mkate uliopokea leo hauna asali."

Akanyamaza. Akainua kikombe.

Watu wakatazamana. Mama mkwe, mtu wa heshima, akaona mzee ameishiwa maneno, akaanza kupiga makofi ili kumsitiri. Wengine wakafuata. Mshereheshaji akageuka kwa kijana wa muziki, akainua mkono.

Kasimiri aliruka kutoka kwenye kiti, soda yake ikamwagika kwenye suruali ya jirani, na akapaza sauti ambayo haikuhitaji amplifaya:

"Bado! Mzee anakunywa!"

Ua mzima ukanyamaza. Walisikika nyuki tu, kule nyuma. Baba akamtazama mkwe wake juu ya ukingo wa kikombe, kisha akanywa, polepole kuliko nilivyowahi kumwona akinywa.